Jua la Mlima Kenya na Msafiri Anayetembea Peke Yake

Watu wengi wanaojiandaa kuupanda Mlima Kenya huiogopa baridi, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa usiku katika miinuko ya juu maji huganda ndani ya chupa na nguo iliyoanikwa huwa ngumu kama ubao kabla ya alfajiri. Hata hivyo, maandalizi yanayoelekea upande huo mmoja humfanya msafiri asahau kwamba kabla ya kuifikia baridi hiyo atatembea saa nyingi chini ya jua kali, akiwa na mzigo mgongoni, na kwamba maji, nguvu na muda anaoupoteza juani ndivyo vitu atakavyovihitaji baridi itakapoanza. Makala haya yanahusu siku ya namna hiyo, yaani siku ya joto katika safari ya miguu ya masafa marefu, ambamo msafiri hubeba hema, chakula, maji na nguo zake zote kwa siku kadhaa, na yanamhusu hasa mtu anayepanga kwenda bila wenzake kutoka upande wa kusini-mashariki na mashariki wa mlima, ambako ndiko walipo wakazi wa Manyatta na Runyenjes katika Embu, wa Chuka na Chogoria, na wa Meru.

Ardhi ya upande huo yenyewe humfundisha mtu jinsi joto linavyobadilika. Mji wa Embu uko katika mwinuko wa takriban mita 1,350 kutoka usawa wa bahari, na mtu anayepanda kutoka hapo kuelekea Manyatta huiacha mihindi na kahawa nyuma yake, akaingia kwenye mashamba ya chai, kisha akafika ukingoni mwa msitu, na katika mwendo huo wote hewa huzidi kuwa baridi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa ni kwamba joto la hewa hupungua kwa takriban digrii 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo siku ambayo kipimajoto mjini Embu kinasoma digrii 28, hewa iliyo kivulini katika mwinuko wa mita 4,300 huenda isizidi digrii 9. Hapo ndipo msafiri hudanganyika. Kipimajoto hupima hewa, lakini ngozi hupokea pia mionzi ya jua moja kwa moja, na mionzi ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho lakini inayounguza ngozi na kudhuru macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 kwa sababu hewa iliyo juu ni nyembamba na haiwezi kuichuja vya kutosha. Mtu anaweza basi kuungua uso na shingo huku akihisi upepo wa baridi, na weusi wa ngozi hupunguza madhara hayo bila kuyaondoa, ilhali kwa mtu mwenye ualbino hatari hiyo ni kubwa kiasi kwamba kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua vinapaswa kuhesabiwa pamoja na maji na chakula, si pamoja na mapambo.

Jambo la pili ni nafasi ya jua angani. Mlima huu uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na katika siku za Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi, kivuli cha mtu kikajikusanya chini ya miguu yake, na hata ukuta wa jabali usitoe kivuli cha kumtosha aliyeketi kando yake. Januari na Februari, ambayo ndiyo miezi ya ukame inayopendwa na wapandaji kwa kuwa njia huwa kavu na vilele huonekana, haitofautiani sana na hali hiyo. Hali ya hewa nzuri, kwa maneno mengine, ndiyo inayokuja na jua baya.

Inafaa kutenganisha aina mbili za joto ambazo msafiri wa upande huu hukutana nazo, kwa sababu mwili huzijibu kwa njia tofauti na ushauri unaofaa kwa moja unaweza kumponza mtu katika nyingine. Aina ya kwanza ni joto la msituni. Miteremko ya kusini-mashariki ndiyo inayopokea mvua nyingi zaidi ya miteremko mingine ya mlima, kwa kuwa imeelekea pepo zinazotoka Bahari ya Hindi, na msitu wake wa mikafuri, ambayo wenyeji huiita muthaiti, na wa mianzi iliyo juu yake, huhifadhi unyevu hata wakati wa ukame. Jasho hupoza mwili pale tu linapogeuka mvuke, na katika hewa yenye unyevu mwingi jasho hutiririka bila kukauka, kiasi kwamba mtu aliye kivulini, asiyeliona jua hata kidogo, anaweza kupatwa na joto kuliko aliye uwandani. Dawa ya joto hilo ni kupunguza mwendo, si kuongeza vituo vya kunywa maji peke yake. Aina ya pili humngoja msafiri juu ya msitu, katika vichaka na nyasi za mlimani, ambako hewa ni kavu, upepo hauishi na jasho hukauka mara tu linapotoka, na ambako pumzi za haraka za mtu anayetafuta hewa hutoa unyevu mwingine mwilini. Shati lake ni kavu, kwa hiyo hujidhania hakutoka jasho, na huku ndiko watu hupungukiwa na maji bila kujua. Mtu aliyezoea jua la Mombasa au la Lamu huingia mlimani akijiamini kwamba joto si kitu kwake, na kuhusu msitu huenda akawa na haki, lakini mazoea ya pwani hayamsaidii dhidi ya ukavu wa juu wala dhidi ya uchache wa hewa.

Kabla ya kueleza maandalizi, ni lazima suala la kwenda peke yake lishughulikiwe kwa uwazi. Eneo lililo juu ya takriban mita 3,200 ni Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949 na kutambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Msitu unaoizunguka uko pia chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Utaratibu wa hifadhi haumruhusu mtu mmoja kuvuka lango na kulala mlimani bila mwenzake au mwongoza njia, na aliyesafiri kutoka mbali bila kulijua hilo hurudishwa. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa usumbufu wa kujipatia ada, lakini mtu akielewa jinsi joto linavyoidhuru akili ataona kwamba una sababu nzito kuliko ada. Katika makala haya, basi, kwenda peke yake maana yake ni kwenda bila kundi la marafiki, msafiri akijibebea mzigo wake na kujiamulia mwendo wake, huku akifuatana na mwongoza njia mmoja mwenye leseni kutoka Chogoria au mji mwingine wa karibu. Au ni kutembea peke yake kweli katika njia za chini ya msitu, kama vile barabara za mashamba ya chai za Manyatta na kilima cha Kirimiri karibu na Runyenjes, ambazo ni shule nzuri ya kupimia viatu, begi na kiasi cha maji kabla ya safari kubwa.

Sababu hiyo nzito ni hii: kiungo cha kwanza kudhoofishwa na joto ni uamuzi, na miguu hufuata baadaye. Mtu aliyepungukiwa na maji, aliyepandwa na joto la mwili na aliye katika hewa nyembamba huanza kununa, hupuuza ramani, hukataa kufungua begi ili atoe kofia, na hujiambia kwamba kituo kiko nyuma ya ukingo unaofuata. Akiwa na mwenzake, mwenzake huyo huiona sura iliyobadilika na kumketisha chini. Akiwa peke yake, chombo anachokitumia kujipima ndicho kilichoharibika. Kutokana na hilo, ushauri mkuu unaoweza kutolewa kwa msafiri wa namna hii ni kwamba maamuzi yote makubwa yafanywe asubuhi, akili ikiwa baridi, na yaandikwe kwenye karatasi: saa ya kuondoka, saa ya kugeuka hata kama kituo kinaonekana, kiasi cha maji ambacho kikifikiwa safari ya juu husimama, na mahali pa kujaza chupa. Mchana msafiri hana kazi ya kuamua. Ana kazi ya kutii alichokiandika.

Saa hizo hupangwa kwa hesabu. Mwaka 1892 mpandaji wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika duniani kote, kwamba mtu ahesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia na aongeze saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya Chogoria, ambayo msafiri wa Manyatta huifikia kwa kushuka Embu na kufuata barabara ya Meru kupitia Runyenjes na Chuka, huanza kwa barabara ya msituni ya takriban kilomita 30 kutoka mjini Chogoria hadi langoni, penye mwinuko wa mita 2,950. Kutoka langoni hadi vidimbwi vya Hall Tarns, vilivyo kwenye mita 4,300 juu ya bonde la Gorges, ni kiasi cha kilomita 15. Kwa kanuni ya Naismith kipande hicho cha pili kingechukua saa 5 na robo, lakini kanuni hiyo ilimkusudia mtu mwenye afya njema, asiye na mzigo mzito, katika vilima vya nchi ya baridi. Kwa mzigo wa siku kadhaa, jua la ikweta na hewa nyembamba, ni busara kuongeza nusu ya muda huo, na hesabu ikafika karibu saa 8.

Hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba atafanya kama watu wa nchi za jangwa, wanaopumzika adhuhuri na kuendelea jioni. Ushauri huo ni mzuri jangwani na ni mbaya Mlima Kenya. Asubuhi mlima huwa wazi. Kadiri miteremko inavyopata joto hewa yenye unyevu hupanda kutoka mashambani na msituni, na kufikia saa 5 au saa 6 mchana mawingu huwa yameanza kuufunika, yakifuatwa mara nyingi na ukungu, mvua au mvua ya mawe alasiri. Jua nalo huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni majira yote ya mwaka, na giza la ikweta halichelewi. Aliyepumzika kutoka saa 5 hadi saa 9 amebadilisha jua kwa ukungu, huku nguo zake zikiwa zimelowa jasho. Kinachofaa ni kuanza mwangaza unapotokea, kama wafanyavyo wachuma chai wa Manyatta, na kumaliza sehemu kubwa ya kupanda kabla ya saa 5. Na kwa kuwa madaktari wa miinuko hushauri kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipandishwe kwa zaidi ya takriban mita 500 kwa usiku mmoja, kipande hicho kigawanywe mara mbili, kwa kulala kando ya ziwa Ellis au mwisho wa barabara ya magari inayopita lango, na ikiwezekana kwa zaidi ya usiku mmoja, kwa kuwa hatua ya pili hukipita kipimo hicho. Ugawaji huo hupunguza hatari ya ugonjwa wa mwinuko na papo hapo humwondoa msafiri juani mapema. Ni nadra kwa shauri moja kutibu maradhi mawili, na anayelikataa ili aokoe ada ya siku moja au mbili ya hifadhi anaweka akiba mahali pasipofaa.

Kuhusu maji, swali la kwanza ni kiasi. Mtu anayepanda na mzigo katika joto anaweza kutoa jasho la karibu lita 1 kwa saa, lakini tumbo halipokei kwa urahisi kiasi hicho, kwa hiyo nusu lita kwa saa, ikinywewa kidogo kidogo, ni kipimo cha kuanzia, kikiongezwa jua linapozidi. Kila lita ina uzito wa kilo 1, na hapo ndipo msafiri anayejibebea hushawishika kuondoka na chupa moja. Njia ya Chogoria ina vijito, lakini kati ya kijito na kijito upo ukingo mrefu ulio wazi, na wakati wa ukame vijito vidogo hupungua au kukauka. Kwa hiyo mwongoza njia aulizwe jioni iliyotangulia ni kipi kinachotiririka wiki hiyo, naye msafiri aondoke na angalau lita 3. Maji ya mlimani huonekana safi, lakini wanyama hunywa humo na watu hupiga kambi juu yake, hivyo yachemshwe au yatiwe dawa. Katika mwinuko mkubwa maji huchemka chini ya digrii 90, na kwa sababu hiyo inashauriwa yaachwe yachemke kwa dakika 3 badala ya 1.

Swali la pili, ambalo wengi hawalijui, ni chumvi. Jasho hutoa maji na chumvi pamoja, na anayerudisha maji matupu kwa wingi, lita baada ya lita, huizimua damu yake hadi sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayosawazisha maji mwilini, ipungue kiasi cha kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kuchanganyikiwa na hata degedege. Dalili hizo hufanana na za kukosa maji, na asiyejua huzidi kunywa. Kinga yake ni rahisi na iko katika kila jikoni: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, au pakiti ya ORS ya dukani, inywewe kwa zamu na maji ya kawaida, pamoja na njugu zenye chumvi, viazi vitamu au chapati hata kama joto limeua hamu ya kula. Mkojo ndio kipimo: ukiwa na rangi ya majani makavu hali ni nzuri, ukifanana na chai ya rangi iliyokolea msafiri amechelewa. Anayetumia asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, akumbuke kwamba huongeza mkojo.

Kuna zao moja la Embu ambalo halina nafasi katika begi hilo, nalo ni muguka. Wapo wanaoutafuna ili wapande bila kuchoka, na ni kweli uchovu hauhisiwi. Lakini kichangamsho cha katinoni kilichomo huupandisha mwendo wa moyo na joto la mwili, hukata njaa na huficha zile dalili ambazo msafiri wa peke yake hana mwingine wa kumwonyesha. Kwa mtu aliye juani na mzigo, hicho ni kuzima kengele nyumba ikiungua.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Pamba hushika jasho na haikauki, kwa hiyo shati jepesi la nyuzi za kutengenezwa, lenye mikono mirefu na ukosi, linafaa zaidi, na masoko ya mitumba yamejaa mashati hayo kwa bei ndogo. Shati la pili kavu na sweta viwekwe juu kabisa ndani ya begi, kwa kuwa vitahitajika dakika ile ile wingu litakapofika. Leso iliyoloweshwa kijitoni na kufungwa shingoni hupoza kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Dalili za joto zisomwe kwa mpangilio wa uzito wake. Misuli kukaza ni onyo la kwanza. Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na jasho jingi juu ya ngozi iliyopauka ni uchovu wa joto, na hapo begi hushushwa, nguo hulegezwa, kivuli hutafutwa au hutengenezwa kwa turubai la hema, shingo na makwapa hulowanishwa, na maji ya chumvi na sukari hunywewa polepole kwa nusu saa. Kuchanganyikiwa, kuropoka au kupoteza fahamu, joto la mwili likipita digrii 40, ni kiharusi cha joto, ambacho huua, na ambacho mgonjwa hawezi kujitibu mwenyewe. Anayemkuta katika hali hiyo ammwagie maji na kumpepea bila kukoma, asimnyweshe kitu, na aite msaada. Ugumu ni kwamba juu ya mita 3,000 maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko vilevile, na hakuna haja ya mtu kukaa kwenye jiwe akijaribu kuyatenganisha. Baada ya nusu saa ya mapumziko na maji, ikiwa hali haijapungua, jibu la magonjwa yote mawili ni kushuka, na kushuka huko kufanyike miguu ikiwa bado inaweza kufuata mstari ulionyooka.

Joto huwabadilisha wanyama pia. Adhuhuri nyati na ndovu hujificha kwenye vichaka vilivyo karibu na maji, ambako ndiko kiu humpeleka mtu, kwa hiyo kijito cha msituni kikaribiwe kwa sauti ya mazungumzo au ya fimbo kwenye mawe, na chupa zijazwe mahali pa wazi. Nyasi kavu nazo hushika moto kwa cheche moja. Moto wa Machi 2012 uliteketeza eneo kubwa la mlima, na jiko la gesi lililowekwa juu ya jabali tupu ndilo pekee linalostahili kuwashwa katika miezi hiyo.

Karatasi iliyoandikwa asubuhi iwe na nakala mbili. Simu hupoteza mtandao mabondeni na betri hufa kwa baridi ya usiku, hivyo mtu aliyebaki nyumbani anapaswa kujua njia, kituo cha kila usiku, jina la mwongoza njia, na saa ambayo ikipita bila habari atapiga simu kwa KWS badala ya kuendelea kusubiri. Anayejiandaa kwa Januari au Februari ijayo na aiandike karatasi hiyo kabla hajafunga begi, na nakala ya pili amkabidhi mtu huyo mkononi.